Vitamini D: kupima maabara, kujipima nyumbani au kumeza bila kupima?

Lalamika uchovu au maumivu ya mifupa mbele ya watu watatu, utapata ushauri wa aina tatu. Wa kwanza atakutuma maabara ukapime vitamini D. Wa pili atafungua mkoba akupe vidonge alivyoletewa kutoka Dubai. Wa tatu atacheka: kwa jua hili, vitamini D ikosekane vipi? Kila mmoja ana hoja, na hapo ndipo mtu hukwama. Aliye Leeds, Uingereza, au Minneapolis, Marekani, ana la ziada la kuwaza, maana huko kuna kisanduku kinacholetwa kwa posta: unajichoma kidole, unadondosha damu kwenye karatasi, unakirudisha na kusubiri majibu.

Njia ni tatu basi. Kabla ya kuzilinganisha, tuelewane kwanza kinachopimwa, kwa sababu pesa nyingi hupotelea hapo.

Damu inatafutwa nini

Miale ya jua ya UVB ikiigusa ngozi, ngozi hutengeneza vitamini D. Kiasi kidogo hutoka kwenye chakula: samaki wenye mafuta kama vibua na jodari, maini, kiini cha yai. Ini huigeuza kuwa 25-haidroksivitamini D, ambayo kwenye fomu huandikwa 25(OH)D. Hiyo ndiyo akiba ya mwili. Hukaa kwenye damu wiki mbili hadi tatu kabla nusu yake haijatumika, na ndiyo inayopimwa. Figo nazo huchota kwenye akiba hiyo na kutengeneza homoni yenye kazi, 1,25(OH)2D, inayousaidia utumbo kufyonza kalsiamu.

Mtu anaweza kufikiri kwamba kupima hiyo yenye kazi ndiyo akili zaidi. Kumbe akiba ikipungua, mwili huzihimiza figo zitengeneze zaidi, kwa hiyo majibu ya 1,25 yanaweza kutoka ya kawaida, hata ya juu, kwa mtu ambaye akiba yake imekwisha. Kipimo hicho kina kazi yake kwa wagonjwa wa figo na hali nyingine chache. Ukiiona 1,25 kwenye fomu yako na huna tatizo la figo, muulize aliyeiandika kabla ya kulipa.

Halafu kuna suala la vizio. Maabara nyingine huandika ng/mL, nyingine nmol/L, na 1 ya kwanza ni sawa na 2.5 za pili. Namba 22 ikiwa ng/mL ni sawa na 55 nmol/L, hali ambayo wataalamu wengi hawataishtukia. Namba 22 ileile ikiwa nmol/L ni upungufu wa kweli unaohitaji tiba. Ndugu wawili, mmoja Mombasa na mwingine Uingereza, wanaweza kutumiana picha za majibu kwa WhatsApp na kupeana dosi kwa namba zisizofanana kabisa. Soma kizio kwanza, namba baadaye.

Mstari wa upungufu wenyewe una ubishi. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilisema mwaka 2010 kwamba chini ya 12 ng/mL ni upungufu na kuanzia 20 kwenda juu kunatosha watu karibu wote. Chama cha Endokrini cha Marekani mwaka 2011 kikapandisha: chini ya 20 ni upungufu, na lengo liwe 30. Mwaka 2024 chama hichohicho kiliacha kuitetea mipaka hiyo, kikashauri watu wazima wenye afya wasipimwe kwa mazoea. Ila fomu nyingi za maabara bado zimechapishwa kwa mipaka ya zamani, ndiyo maana mtu mwenye 24 anaweza kurudi nyumbani na alama nyekundu inayomkosesha usingizi bure.

Jua tunalo, sawa

Yule aliyecheka hakukosea moja kwa moja. Watafiti waliopima Wamasai wafugaji na Wahadzabe nchini Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 2012, walikuta wastani wa 115 nmol/L, na hao ni watu wanaoshinda nje. Lakini uchambuzi wa tafiti za Afrika nzima uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 5 yuko chini ya 30 nmol/L, na 1 kati ya 3 yuko chini ya 50. Jua ni lilelile. Tofauti iko kwenye maisha. Karani anayeingia ofisini saa mbili na kutoka saa kumi na moja jioni hapati UVB kupitia kioo cha dirisha. Mama anayevaa buibui na kukaa ghorofani Kariakoo hapati. Muscat jua ni kali kiasi kwamba watu hulikimbia, na nchi za Ghuba zinajulikana kwa upungufu licha ya anga yao. London nayo kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua haliwezi kutengeneza vitamini D hata ukivua shati, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi hata kiangazi.

Kuna kanuni rahisi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, UVB ipo ya kutosha. Kwetu hiyo ni kama kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Lile jua la saa moja asubuhi ambalo watoto huanikwa ni zuri kwa joto, lakini vitamini D yake ni ndogo mno.

Vigezo vinne

Nitaiuliza kila njia maswali yaleyale. Jibu lake linaaminika kiasi gani? Gharama yake ni ipi, ikiwemo ile isiyoonekana mwanzoni? Ina usumbufu gani? Na la nne, ambalo kwangu linazidi mengine yote: jibu litabadilisha nini? Kama ukipata 15 ng/mL utameza vidonge, na ukipata 25 utameza vidonge vilevile, basi umelipia namba ya kusimulia.

Njia ya kwanza: kutolewa damu maabara

*Kuaminika.* Hii ndiyo yenye uzito zaidi, hasa maabara ikitumia mashine iitwayo LC-MS/MS, inayozitenganisha D2 na D3, aina mbili za vitamini D. Maabara nyingi za kwetu hutumia mashine za kingamwili, ambazo ni nzuri kwa matumizi ya kawaida ila hutofautiana kidogo kati ya mashine na mashine. Kuna mtego mmoja ambao watu hawaambiwi: bayotini, ile vitamini ya nywele na kucha inayouzwa kwa dosi kubwa, huvuruga baadhi ya mashine hizi na kuonyesha vitamini D ya juu kuliko ilivyo. Kama unaimeza, mwambie mtoa damu, na uulize uiache kwa siku ngapi kabla ya kipimo.

*Gharama.* Ni miongoni mwa vipimo vya bei ya juu, na tofauti kati ya maabara mbili za mji mmoja inaweza kukushangaza, hivyo piga simu kwanza. Bima mara nyingi hutaka sababu iliyoandikwa na daktari. Hata nchi tajiri zimebana: jimbo la Ontario, Kanada, liliacha mwaka 2010 kulipia kipimo hiki kwa kila anayekitaka, likabakiza wenye magonjwa maalumu. Gharama iliyojificha ni vipimo vinavyofuata, kwani namba ya chini kidogo huzaa safari ya pili na ya tatu.

*Usumbufu.* Huhitaji kufunga kula. Maabara ndogo hupeleka sampuli kwenye maabara kubwa, basi majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa.

*Jibu linabadilisha nini.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine, kwa sababu mrija huohuo wa damu unaweza kupima kalsiamu, fosfeti, ALP (kimeng'enya cha mifupa na ini), homoni ya parathiroidi inayosimamia kalsiamu, na figo. Kwa mtu mwenye dalili, vipimo hivyo humweleza daktari zaidi ya vitamini D peke yake. ALP iliyopanda pamoja na fosfeti iliyoshuka huonyesha mifupa ambayo imeshaanza kulainika. Kalsiamu iliyo juu humzuia daktari kutoa dosi kubwa ambayo ingemdhuru mgonjwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye maumivu ya mifupa yasiyoeleweka, au misuli ya mapaja iliyolegea hadi kuinuka kitini au kupanda ngazi ni kazi. Aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo. Mgonjwa wa figo, wa ini, wa utumbo usiofyonza chakula, au aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Anayetumia kwa muda mrefu dawa za kifafa kama fenitoini, fenobarbitoni au kabamazepini, dawa za jamii ya prednisoloni, rifampisini ya kifua kikuu, au efavirenzi ya VVU kwa wale ambao bado wako nayo. Dawa hizo huharakisha kuisha kwa vitamini D mwilini au hudhoofisha mifupa.

Njia ya pili: kujipima nyumbani

Hapa kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni karatasi ya tone la damu unayoituma maabara. Kingine ni kile kipande cha plastiki chenye mistari, kama cha kupima ujauzito, unachokisoma mwenyewe mezani.

*Kuaminika.* Karatasi ya posta inaweza kuwa nzuri ikiwa maabara inayoipokea ni ya kweli; Uingereza, kwa mfano, hata maabara ya hospitali ya umma huko Birmingham imekuwa ikitoa huduma hii kwa wananchi. Makosa hutokea mikononi mwa mpimaji. Ukikamua kidole kwa nguvu, majimaji ya nyama huchanganyika na damu. Ukiweka tone juu ya tone, au ukifunga bahasha kabla karatasi haijakauka, majibu huyumba. Upungufu wa damu nao huathiri hesabu ya kubadili tone kavu kuwa namba, jambo la kukumbuka kwa mjamzito au mwenye selimundu. Kile cha mistari hukupa kundi tu: chini, wastani, ya kutosha. Rangi iliyofifia ukiisoma kwenye mwanga hafifu wa sebuleni inaweza kukuweka kundi lolote kati ya hayo.

*Gharama.* Ulaya na Amerika Kaskazini inaweza kuwa nafuu kuliko kumwona daktari binafsi. Afrika Mashariki, ukiongeza usafirishaji, mara nyingi faida hiyo haipo.

*Usumbufu.* Mdogo. Unafanya Jumapili ukiwa na kanga kiunoni.

*Jibu linabadilisha nini.* Unapata namba moja bila daktari. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo linaweza kutosha kumwondolea wasiwasi au kumsukuma aanze kumeza kidonge. Kwa mgonjwa halitoshi, maana kalsiamu na figo hazimo. Angalia pia anayeuza kisanduku kama ndiye anayeuza na vidonge. Namba yake itakuwa na mwelekeo wa kukupeleka dukani kwake.

*Inamfaa nani.* Mwana-diaspora mwenye afya ambaye daktari wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, amemwambia hampimi kwa sababu hana dalili, naye anataka kujua amefikia wapi mwishoni mwa majira ya baridi. Februari na Machi akiba huwa imeshuka zaidi, Septemba imepanda. Ukipima Septemba na kujisifu, umejipendelea.

Usiichanganye njia hii na ile mashine ya kushika chuma mkononi, inayotembezwa kwenye semina na mabanda ya maonyesho, ikachapisha karatasi ndefu ya "upungufu" wako wote. Haichukui damu. Kiwango cha 25(OH)D hakipimwi kwa kiganja, kwa hiyo sikuipa safu kwenye ulinganisho huu.

Njia ya tatu: kutopima, ukatumia dosi ndogo ya kila siku

*Kuaminika.* Swali hapa ni kama dosi ya kawaida inatosha bila kujua unaanzia wapi. Kwa watu wengi, ndiyo. Marekani hupendekeza IU 600 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini) kwa siku kuanzia mwaka 1 hadi miaka 70, na 800 baada ya hapo. Uingereza, tangu 2016, husema mikrogramu 10, yaani IU 400, kwa kila mtu kipindi cha majira ya baridi, na mwaka mzima kwa wenye ngozi nyeusi, wanaojifunika na wanaokaa ndani. Ushauri huo hauanzi na kipimo, na haujaletwa na uvivu: kiasi hicho ni salama na nafuu kiasi kwamba kupima mamilioni ya watu kwanza kungegharimu zaidi bila kubadilisha tiba.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote, mradi unanunua vitamini D peke yake, si kopo la mchanganyiko wa vitu ishirini. Iliyojificha ni kuzoea kununua milele kitu usichokihitaji. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL, uliofuata watu 25,871 waliopewa IU 2,000 za D3 kwa siku au kidonge kisicho na dawa, haukuona saratani wala magonjwa ya moyo yakipungua, na mwaka 2022 ulionyesha mifupa iliyovunjika haikupungua pia. Washiriki hao hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu, hivyo matokeo hayamhusu aliyeishiwa kabisa. Yanamhusu yule mwenye ya kutosha anayedhani akiongeza ataongeza na uhai.

*Usumbufu.* Kumeza pamoja na chakula chenye mafuta, basi. Muislamu anayejali jelatini ya ganda atafute matone au kidonge kikavu. D3 ya kawaida hutokana na mafuta ya sufi ya kondoo. Kwa asiyetumia vya wanyama ipo ya kuvumwani, ule utando unaoota kwenye mawe na magome ya miti.

*Jibu linabadilisha nini.* Hakuna jibu, na hatari iko hapo: mtu huongeza dosi mwenyewe kwa kuwa hajisikii tofauti. Kikomo salama kwa mtu mzima bila usimamizi ni IU 4,000 kwa siku, yaani mikrogramu 100. Vidonge vya IU 50,000 ni dawa ya wiki kwa muda maalumu, na nimeshawasikia watu wakivimeza kila asubuhi kama chai. Sumu yake hupandisha kalsiamu: kiu, mkojo wa mara kwa mara, kichefuchefu, choo kigumu, kuchanganyikiwa, mawe ya figo. Hata dosi kubwa ya mara moja si njia ya mkato. Nchini Australia wanawake wazee waliopewa IU 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika zaidi ya wale ambao hawakupewa, kama ulivyoripoti utafiti wa mwaka 2010.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima asiye na dalili wala ugonjwa sugu, ambaye maisha yake ni ya ndani au ya kujifunika. Mwenye ualbino, ambaye kuambiwa "kaa juani" ni kumtuma kwenye saratani ya ngozi. Haimfai mwenye mawe ya figo, kalsiamu ya juu, sakoidosisi (ugonjwa wa vivimbe vidogo, hasa kwenye mapafu) au kifua kikuu hai bila daktari kujua, kwani kwao hata dosi ya kawaida inaweza kupandisha kalsiamu.

Ukiwa katika hali hii

Mtoto ana matege, amechelewa kutembea, vifundo vya mikono vimevimba au utosi umechelewa kufunga: usinunue chochote, nenda hospitali. Atahitaji eksirei ya kifundo au goti pamoja na kalsiamu, fosfeti na ALP. Matege si lazima yawe ya vitamini D. Baadhi ya watoto hukosa kalsiamu yenyewe kwenye chakula, na kwenye maeneo ya maji yenye floraidi nyingi, kama pembezoni mwa Mlima Meru, floraidi hupinda mifupa ya watoto na kuacha meno ya kahawia. Kumpa vitamini D mtoto wa aina hiyo ni kupoteza muda anaokua nao.

Mjamzito: fuata kliniki yako. Shirika la Afya Duniani halipendekezi vitamini D kwa kila mjamzito, Uingereza inapendekeza, na mwenye kujifunika anayeishi ndani ana sababu nzuri ya kuuliza. Kwa mtoto anayenyonya tu, Marekani hushauri matone ya IU 400 kwa siku. Maziwa ya mama ni mazuri kwa mengi, ila vitamini D huwa kidogo.

Una miaka 30, umechoka, nywele zinakatika: vitamini D ni mshukiwa mmoja tu. Kama bajeti inatosha vipimo vichache, wingi wa damu, madini ya chuma, tezi ya shingo na sukari vina nafasi kubwa zaidi ya kukupa jibu linalotibika. Ongeza vitamini D kwenye orodha ikiwa daktari anaona sababu, au meza IU 600 na uendelee kutafuta chanzo halisi.

Uko Oman, Uingereza au Kanada, mzima, unafanya kazi ya ndani: dosi ndogo ya kila siku inatosha, kipimo ni hiari. Ukikitaka, karatasi ya posta mwishoni mwa baridi itakufaa.

Una ugonjwa au dawa zilizotajwa kwenye njia ya kwanza, au umeshaambiwa una upungufu na kupewa dosi kubwa: maabara. Baada ya kuanza tiba ngoja kama miezi mitatu ndipo upime tena, maana kabla ya hapo akiba bado inapanda na namba itakudanganya. Rudi maabara ileile, mashine ileile, kizio kilekile, na nenda na karatasi ya kwanza mkononi.